Sultani Hamud bin Muhammed: Mtawala Aliyeachia Ukambani Jina Lake

Abiria anayetoka Nairobi kuelekea Mombasa kwa barabara kuu, akishapita Salama na kabla ya kufika Emali, hupita mji mdogo unaoitwa Sultan Hamud. Mji huo umo katika wadi ya Kasikeu, Kaunti ya Makueni, na upande wake mwingine unapakana na malisho ya Wamaasai wa Kajiado. Makondakta wa matatu hulifupisha jina hilo wakasema Sultan tu, na abiria huteremka na mizigo yao bila kuuliza sultani huyo alikuwa nani, alitoka wapi, wala alifuata nini katika nchi hii ya ukame. Sisi tuliokulia vijijini Kasikeu tuliambiwa utotoni kwamba alikuwa Mwarabu wa misafara ya watumwa aliyepita hapo na minyororo yake. Hadithi hiyo ilitutia hofu, na mwandishi wa makala haya aliiamini kwa miaka mingi. Haikuwa kweli. Sultani huyo alikuja kuitazama reli, na ndiye aliyetia saini amri iliyouondolea utumwa nguvu za kisheria katika visiwa vya Unguja na Pemba. Hata hivyo, kuigeuza hadithi ya utotoni ikawa hadithi ya shujaa wa ukombozi lingekuwa kosa la pili, kwa sababu amri ile ilipatikana baada ya nyumba ya kifalme kugawanyika, jumba kupigwa mizinga, na mamia ya watu kumwaga damu asubuhi moja.

Hamud bin Muhammed bin Said alizaliwa mwaka 1853 katika ukoo wa Busaidi. Babu yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyeyahamishia makao yake Unguja na kuvifanya visiwa hivyo kuwa nchi ya karafuu. Karafuu hazikuchumwa kwa mikono ya waliozimiliki. Mashamba yalihitaji watu wa kupanda, kupalilia, kupanda juu ya miti na kuanika, na watu hao waliletwa kutoka bara, wengi wao kutoka nchi za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Kwa hiyo Hamud alizaliwa ndani ya utajiri ambao msingi wake ulikuwa kazi ya mtumwa. Chakula alichokula, kanzu aliyovaa, yaya aliyembeba, vyote vilitokana na utaratibu huo. Hili halimfanyi kuwa tofauti na wana wengine wa ukoo wake, na ni vyema tulitaje mapema ili tusije tukamvika baadaye joho lisilo lake.

Sayyid Said alifariki dunia baharini mwaka 1856, Hamud akiwa mtoto wa miaka mitatu hivi. Kifo hicho kilifungua mlango wa fitina ambazo hazikufungika tena. Wanawe waligombea urithi: Thuwaini alishika Muskati, Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alijaribu kumpindua Majid akisaidiwa na ukoo wa Waharthi, akashindwa kwa msaada ambao Waingereza walimpa Majid, naye akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza waliamua kwamba Unguja na Omani ziwe nchi mbili, Unguja ikitoa kila mwaka fedha 40,000 kwa Muskati. Tangu hapo kila aliyekalia kiti cha Unguja alijua kwamba nyuma ya kiti hicho kulikuwa na mkono wa balozi wa Kiingereza.

Ni jambo la ajabu kwamba mwaka huohuo wa 1861, ng'ambo ya bahari, taifa la Marekani lilianza kupigana lenyewe kwa lenyewe kwa sababu ya utumwa. Majimbo ya kusini yaliyotegemea pamba na watumwa yalijitenga, na vita vilivyofuata hadi mwaka 1865 viliua watu zaidi ya 600,000. Huku kwetu vita hivyo vilisikika sokoni. Kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani, ambacho wafanyabiashara wa Unguja na wa bara walikitumia kama fedha katika kununulia pembe za ndovu, kiliadimika ghafla kwa kuwa viwanda vya Marekani vilikosa pamba, na vitambaa vya Uingereza na vya India vikachukua nafasi yake. Jina lakini lilibaki. Hata leo wazee wanaijua merikani. Inaelekea hakuna aliyepima kitambaa hicho Unguja wakati huo aliyefikiri kwamba hoja iliyowagombanisha Wamarekani ingefika siku moja mlangoni pa jumba la sultani.

Hoja hiyo ilifika kwa hatua. Sayyid Said mwenyewe alikuwa amekwisha kukubali mikataba miwili, mwaka 1822 na mwaka 1845, iliyopunguza biashara ya watumwa baharini. Hamud alipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi, mwaka 1873, alishuhudia hatua kubwa kuliko hizo. Baba yake mdogo Barghash, ambaye kwa wakati huo ndiye aliyekuwa sultani, alishurutishwa kwa tishio la manowari kutia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wote wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini lilifungwa, na mahali pake pakaanza kujengwa kanisa kuu la Kianglikana ambalo lingali limesimama. Mwaka 1876 Barghash alikataza pia misafara ya watumwa ya nchi kavu, na ghadhabu ya wafanyabiashara wa Kilwa ikamlazimu kutegemea askari wa mtindo mpya waliofunzwa na Mwingereza Lloyd Mathews. Hapa ndipo kilipoanza kitu ambacho kingemwandama Hamud maisha yake yote: kila sultani aliyekubali sharti moja la kuupunguza utumwa alipoteza sehemu ya utii wa watu wake, na kila alipopoteza utii huo alihitaji zaidi bunduki za wale waliomwekea sharti.

Pwani ya bara mgogoro huo ulikuwa na sura nyingine. Watumwa waliotoroka mashamba ya Mombasa na Malindi walijificha katika vijiji vya watoro na katika vituo vya wamisheni, hasa Rabai na Frere Town. Mabwana wao walitishia kuvishambulia vituo hivyo, na zaidi ya mara moja ilikaribia kuwa vita. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliona afadhali kulipa fedha: mabwana walipewa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru mwanzoni mwa mwaka 1889. Mgogoro ukatulia kwa muda, lakini kila mtu alikuwa amekwisha kuona njia itakayotumika baadaye. Bwana angelipwa, aliyefanyishwa kazi bila ujira angepewa karatasi.

Hamud katika miaka hii yote alikuwa mwanamfalme miongoni mwa wanawafalme wengi. Alimwoa Khanfora binti Majid, bintiye yule Majid aliyekuwa sultani wa kwanza wa Unguja iliyojitenga na Omani, na mwaka 1884 alizaliwa mwanawe Ali. Barghash alifariki mwaka 1888. Akaja Khalifa, aliyetawala miaka miwili isiyotimia. Akaja Ali bin Said mwaka 1890. Katika mwaka huo mmoja mambo mawili mazito yalitendeka. Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na ikakubaliwa kwamba mrithi wa kiti lazima aidhinishwe na balozi wa Uingereza. Kisha, Agosti 1890, Ali bin Said alitangaza amri ya kukataza kuuza na kununua watumwa na kumruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha. Mji ulichafuka kwa hasira, na baada ya siku chache sehemu ya amri hiyo ikalegezwa. Wenye mashamba walijifunza kwamba wakipiga kelele ya kutosha, amri hurudi nyuma. Somo hilo lilikuwa la hatari, nalo linaeleza kwa kiasi fulani ujasiri waliokuwa nao miaka sita baadaye.

Ali bin Said alipofariki Machi 1893, Khalid bin Barghash aliingia jumbani ili ashike utawala kwa hoja kwamba yeye ni mwana wa sultani. Waingereza walimtoa bila kumwaga damu, wakamweka Hamad bin Thuwaini. Hamad alianza kwa upole akaishia kwa mashaka. Alijikusanyia askari wake mwenyewe wasiokuwa chini ya Mathews, na askari hao walipambana na watu wengine mjini kabla mwaka 1895 haujaisha. Wakati uleule kule bara Mbaruk bin Rashid wa Gazi, wa ukoo wa Mazrui, alikuwa akipigana na utawala mpya wa Kiingereza kwa sababu ya urithi wa Takaungu, mpaka Aprili 1896 alipovuka mpaka akaingia nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Huko London nako, vyama vya kupinga utumwa vilikuwa vikiuliza inawezekanaje bendera ya Uingereza ipepee juu ya nchi ambamo mahakama inamrudishia bwana mtumwa wake. Serikali ilikuwa imekwisha kuahidi kwamba jambo hilo lingemalizwa. Ahadi hiyo haikuwa siri Unguja. Wenye mashamba ya karafuu, ambao wengi wao walikuwa na madeni makubwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, walihesabu siku.

Tarehe 25 Agosti 1896 Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na uvumi wa sumu ukaenea. Kabla jua halijatua Khalid alikuwa ameingia jumbani kwa mara ya pili, ameipandisha bendera na kujitangaza sultani. Safari hii hakutoka. Watu kama 2,800 walikusanyika kumlinda, na hapa pana jambo ambalo mwandishi wa makala haya huona kuwa ndilo kiini cha mkasa wote. Walinzi hao hawakuwa wote askari. Wengi walikuwa raia, watumishi wa jumba na watumwa wa jumba. Upande wa pili, pamoja na wanamaji wa Kiingereza walioteremka pwani, walipangwa askari wa Kiunguja wapatao 900 chini ya maofisa wa Kiingereza. Kwa hiyo Unguja ilisimama ikitazamana na Unguja. Watumwa walishika bunduki kumlinda mwanamfalme ambaye wafuasi wake wakubwa hawakutaka watumwa hao waachwe huru, ilhali wengine wa ngozi na lugha ileile walisimama upande wa dola ya kigeni iliyodai kuwakomboa.

Haifai kudai kwamba utumwa ndio uliokuwa sababu pekee. Khalid alidai haki ya damu, na wapo waliomfuata kwa sababu walichoshwa na kuona balozi akiwachagulia mtawala. Lakini hoja ya kujitawala na hoja ya utumwa zilikuwa zimesukwa pamoja kama miyaa ya mkeka mmoja, kiasi kwamba aliyeitetea heshima ya kiti aliutetea pia, apende asipende, uwezo wa bwana juu ya mtumwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa majimbo ya kusini mwa Marekani yaliyozungumzia haki za majimbo. Mtu husoma maneno mazuri ya uhuru na baadaye hutambua ni uhuru wa nani.

Balozi Basil Cave alimpa Khalid muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti ateremshe bendera. Manowari tano zilikuwa zimepangwa mbele ya jumba chini ya Amiri Harry Rawson. Bendera haikuteremshwa. Saa tatu na dakika mbili mizinga ilianza, na kabla ya saa nne yote yalikuwa yamekwisha. Wanahistoria hupata dakika 38 au zaidi kidogo, na kwa hiyo vita hivi huhesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa. Ufupi huo umevifanya vichekwe katika vitabu vingi vya mambo ya ajabu. Walioumia hawakucheka. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa jumba. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Beit al-Hukm iliharibiwa kabisa, mnara uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib ukabomolewa, na meli ya sultani iliyoitwa Glasgow ikazama bandarini. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akatoroshewa Dar es Salaam mwezi Oktoba, akaishi huko mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Baada ya uhamisho wa Shelisheli na St. Helena aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927.

Alasiri ya siku ileile, moshi ukiwa haujatoweka, Hamud bin Muhammed alitangazwa sultani. Alikuwa na miaka 43 hivi. Tunaweza kumfikiria alivyolikuta jumba: kuta zimepasuka, maiti hazijazikwa, na kiti anachokipokea amekipokea kutoka mikononi mwa waliofyatua mizinga. Wafuasi wa Khalid walitozwa rupia 300,000 kulipia gharama za mizinga na mali iliyoporwa. Mathews aliendelea kuwa Waziri Mkuu. Hamud hakuwa na jeshi la kwake kama lile la Hamad, wala hakujaribu kuliunda. Wengine wamemwita kibaraka kwa ajili hiyo, na neno hilo si la uongo. Lakini mtu aliyeona yaliyompata Khalid asubuhi ile alikuwa na machaguo machache mno, na wala hakuna dalili kwamba Hamud alijidanganya juu ya jambo hilo.

Miezi saba baadaye, Aprili 1897, alitia saini amri inayomfanya akumbukwe. Yafaa tuitazame kwa makini kwa sababu aghalabu husimuliwa kwamba siku hiyo watumwa wote walikuwa huru. Sivyo. Amri haikusema kwamba mtu yeyote amekombolewa. Ilisema tu kwamba mahakama haitasikiliza tena dai la bwana juu ya mtumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru wake alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba, na bwana aliyeweza kuthibitisha kwamba alimmiliki kwa halali angelipwa fidia na serikali. Aliyekwisha kupewa uhuru alitakiwa aonyeshe mahali anapoishi na kazi inayomlisha, la sivyo ahesabiwe kuwa mzururaji, naye akawajibika kulipa kodi. Masuria waliachwa nje ya amri. Walihesabiwa kama wake, na waliweza kuondoka tu wakithibitisha ukatili. Lango hilo la mwisho halikufunguliwa mpaka mwaka 1909, Hamud akiwa amekwisha kufa.

Kwa nini visiwa havikulipuka mara hii? Sababu ya kwanza imekwisha kutajwa: mizinga ya Agosti ilikuwa bado inasikika masikioni. Sababu ya pili ni ile fidia. Mwenye shamba aliyekuwa na deni aliona kwamba serikali ingemlipia mtu ambaye pengine angetoroka bure. Ya tatu ndiyo yenye uchungu. Mabadiliko yalikuwa ya polepole kiasi kwamba wengi hawakuyaona. Mtumwa wa shamba alizoea kumfanyia bwana wake siku tano za juma na kubakiwa na Alhamisi na Ijumaa kwa kibanda na bustani yake. Aliyetoka mahakamani na hati mkononi hakuwa na ardhi, na ardhi yote yenye karafuu ilikuwa na mwenyewe. Wengi walifanya mapatano mapya na bwana yuleyule: siku chache za kazi kwa juma kwa ajili ya kipande cha kulima. Wapo pia waliokataa kwenda mahakamani kwa imani kwamba uhuru unaotolewa na serikali kwa fedha hauna uzito mbele ya Mungu mpaka bwana mwenyewe atamke kumwacha huru. Waliingojea kauli hiyo, na wengine waliingojea hadi kufa.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayo sababu ya pekee ya kuzingatia miaka hii, kwa kuwa lugha yetu imeihifadhi kuliko majengo. Neno kibarua, ambalo leo humaanisha kazi ya siku au anayeifanya, lilitokana na barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Na katika Unguja ya karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa mjini, ambao ujira wao waligawana na mabwana zao. Mjinga, neno ambalo sasa ni tusi, lilitumiwa kumtaja mtumwa mgeni aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za pwani. Mzalia alikuwa yule aliyezaliwa hapohapo. Uungwana, tunaousifia katika mashairi na insha zetu kuwa ni tabia njema, ulikuwa kwanza hali ya mtu asiyekuwa mtumwa. Kila tunapomwita mtu mwungwana tunagusa mpaka ambao amri ya Hamud ilianza kuufuta katika sheria na ambao haikuweza kuufuta katika vinywa.

Waingereza walimtuza. Malkia Victoria alimpa nishani ya juu ya himaya ya India mwaka 1898, na mwanawe Ali akapelekwa Uingereza kusoma katika shule ya Harrow. Beit al-Ajaib ilitengenezwa upya, ikawekewa mnara wa saa mbele yake. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020. Binti yake Matuka aliolewa na Khalifa bin Harub, ambaye angetawala kuanzia mwaka 1911 hadi 1960. Hizi ndizo alama za utawala wake mjini Unguja, na tunaweza kuzipita haraka ili turudi bara, kwa maana bara ndiko kwenye alama isiyotarajiwa.

Reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilianza kutandikwa mwaka 1896, mwaka uleule wa mizinga. Miongoni mwa hoja zilizotolewa kuitetea Ulaya ni kwamba gari moshi lingeiua biashara ya watumwa, kwa kuwa mizigo ya pembe isingehitaji tena mabega ya watu. Mkutano wa mataifa uliofanyika Brussels mwaka 1889 na 1890 ulikuwa umezitaja reli kuwa silaha mojawapo dhidi ya biashara hiyo. Reli ilianzia katika nchi ya Hamud, angalau kwa jina. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa mali ya sultani wa Unguja, uliokodishwa kwa Waingereza mwaka 1895 kwa malipo ya kila mwaka. Hamud alisafiri kwenda kuitazama kazi hiyo ilipokuwa imefika kiasi cha maili 250 kutoka Mombasa, nchi tambarare iliyo chini ya vilima vya Kasikeu. Mahali alipofika pakaitwa kwa jina lake. Mei 1899 reli ilikuwa imekwisha kufika Nairobi.

Miaka hiyo Ukambani palikuwa na njaa kuu ambayo wazee wetu waliiita Ngomanisye. Mvua zilikosekana, ng'ombe walikuwa wamekwisha kupukutika kwa sotoka, na ndui ikafuata. Katika njaa za namna hiyo familia zilizokosa chakula ziliwaweka rehani watoto na wanawake kwa jamaa zilizokuwa nacho, na katika njaa za kabla ya hiyo baadhi ya waliowekwa rehani pwani hawakurudi nyumbani kamwe. Rehani haikuitwa utumwa, ingawa mtoto aliyetengwa na mamaye huenda hakuiona tofauti. Hatujui kama Hamud, alipoteremka kwenye reli ile mpya, aliwaona watu wa Kasikeu waliodhoofika kwa njaa, au kama hao nao walimwona. Tunachojua ni kwamba alikuwa amesafiri kutoka pwani ambako amri yake ya mwaka 1897 haikufanya kazi. Iliishia Unguja na Pemba. Mombasa, Malindi na Lamu, nchi zilizokuwa zake kwa hati, bwana aliendelea kuwa na haki ya kumdai mtumwa wake mbele ya kadhi. Waingereza, waliowapiga watu wa Unguja mizinga na kujivunia ukombozi, hawakuona haraka yoyote katika ukanda walioutawala wenyewe. Sheria ya kuondoa utumwa huko ilikuja mwaka 1907.

Hamud hakuiona. Alifariki tarehe 18 Julai 1902, akiwa hajatimiza miaka hamsini. Ali, mwenye umri wa miaka 18, alitawazwa, lakini mamlaka yakashikwa na Mwingereza A. S. Rogers mpaka mwaka 1905. Mwaka 1911 Ali akajiuzulu. Kiti kikahamia kwa mkwe wa Hamud, Khalifa, na baadaye kwa kizazi cha Matuka. Kitukuu cha Hamud, Jamshid bin Abdullah, ndiye aliyekuwa sultani ukanda wa pwani ulipounganishwa na Kenya mwaka 1963, na ndiye aliyepinduliwa Januari 1964, katika mapinduzi ambamo kumbukumbu za bwana na mtumwa zilizungumzwa tena kwa mapanga na bunduki. Jamshid alifariki Omani mwishoni mwa mwaka 2024.

Stesheni ya Sultan Hamud ilijengwa kando ya reli ya zamani, na mji ukakua kuizunguka: maduka ya mahindi na maharagwe, soko la mifugo linalowakutanisha Wakamba na Wamaasai, malori yanayopumzika usiku. Asubuhi, vijana wanaotafuta kazi ya siku moja hukaa kando ya barabara wakingoja lori la mchanga. Ukiwauliza wanangoja nini, watakuambia kibarua.